Mashosti Wanne, Begi Dogo: Ulaya Bila Kubeba Kijiji Kizima

Kwetu mtu hasafiri peke yake hata kama tiketi ina jina lake tu. Ikisikika kwamba unakwenda Mwanza, tayari kuna kiroba cha mchele cha mama mdogo, simu ya kutengeneza ya mtoto wa jirani, na ndoo ya karanga ya mtu ambaye hata jina lake humkumbuki vizuri. Sasa fikiria ikisikika kwamba unakwenda Ulaya!

Mimi ni binti wa Runzewe, wilayani Bukombe. Wanaotujua tangu zamani kama watu wa Shinyanga, habari ndiyo hiyo: tangu mwaka 2012 tupo Mkoa wa Geita. Ni mji wa njiapanda, malori ya Rwanda na Burundi yanapita, wachimbaji wadogo wanapita, mchele na asali vinapita, na umbea nao unapita kwa kasi kuliko vyote. Kwa hiyo tulipokubaliana mashosti wanne kwamba Mei 2025 tunakwenda kutalii siku 12, yaani Amsterdam, Brussels na Paris, mji mzima ulijua kabla hatujapata viza.

Tulikuwa mwalimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, muuza vitenge, na mimi mhariri wenu. Tuliweka akiba kwenye kikoba kwa karibu miaka mitatu. Tumekwenda, tumerudi, na bado tunasalimiana, jambo ambalo si dogo. Wengi mmekuwa mkiniuliza tulifungaje mizigo. Jibu langu ni kwamba nguo ni sehemu rahisi. Kazi kubwa ya kusafiri na begi dogo ni kujifunza kumwambia "hapana" mtu unayempenda, na kubaki mnapendana.

KARATASI KWANZA, NGUO BAADAYE

Shosti, kabla hujanunua hata soksi, anza na pasipoti. Siku hizi maombi yanaanzia mtandaoni, unahitaji namba yako ya NIDA, na ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Inadumu miaka 10. Ukiwa nayo, ndipo uanze kuota.

Viza yenyewe inaitwa Schengen. Ukiipata, unaingia nchi 29 za Ulaya kwa kibali kimoja, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo, hizo zina viza zake, kwa hiyo usije ukapanga kupitia London kumwona binamu ukadhani ni njia moja. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Sisi tulilala siku nyingi Uholanzi, basi tukaomba huko. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi.

Wanataka bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, wanataka kujua utalala wapi, na wanataka kuona fedha zako. Hapo ndipo watu wa ukanda wetu wa dhahabu tunapopata shida. Kwetu pesa ipo, ila haina karatasi! Mtu anauza saruji na mabati ya mamilioni, lakini fedha inalala kwenye simu, kwenye mchele ghalani, au kwa mtu aliyekopa "hadi mwezi wa kumi". Afisa wa viza hawezi kusoma ghala lako. Mwenzetu wa duka alianza mwaka mzima kabla kupeleka mauzo benki kila wiki, akaweka sawa leseni yake ya biashara na namba yake ya mlipakodi. Siku ya maombi faili lake lilikuwa zuri kuliko letu sote tulioajiriwa. Na tafadhali, ukiambiwa kuna kijana mjini anayechapa taarifa za benki za kugushi, mpite kama hujamwona. Karatasi ya uongo inaweza kukufungia mlango kwa safari nyingi za mbele.

Jambo jingine ambalo marafiki wengi hawalizungumzi: viza anapewa mtu, hakipewi kikundi. Wanne wanaweza kuomba, wakapata watatu. Je, mtaendelea? Fedha za aliyekosa zitarudi vipi? Sisi tuliandika kabisa kwenye daftari la kikoba kwamba akinyimwa mmoja, wengine waende, na sehemu yake ambayo haijatumika arudishiwe ndani ya mwezi mmoja. Ilikuwa mazungumzo magumu, mwalimu nusura alie. Lakini ni afadhali machozi ya barazani kuliko ugomvi wa miaka kumi. Kwa sababu hiyohiyo, usilipie tiketi yote kabla ya viza. Buking inatosha kuonyesha.

MZIGO WA WATU

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Wiki tatu kabla ya safari, mama mkwe wa mwenzetu muuza vitenge alifika na mtungi wa samli, nyama kavu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, na chupa kubwa ya asali. Mwanawe mdogo, yaani shemeji wa mwenzetu, anaishi Brussels na hajarudi nyumbani kwa miaka saba. "Mwanangu," akamwambia mkwewe, "mpelekee mdogo wako. Aonje kwao."

Jamani, hapo utasema nini? Mama mkwe huyo, amekuja kwa miguu juani, samli ameitengeneza kwa mikono yake.

Ukweli ni kwamba sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka nje kuingia na nyama wala vyakula vya maziwa kwenye begi lake, kwa sababu wanaogopa magonjwa ya mifugo. Nyama kavu ni nyama, samli ni maziwa. Vinachukuliwa na kutupwa, na unaweza kupigwa faini juu yake. Asali ni habari nyingine: inaruhusiwa, mradi isizidi kilo 2 kwa mtu. Matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea, ila nanasi, nazi, ndizi na tende vimesamehewa. Yaani nanasi la Geita linaruhusiwa na embe la uani kwako halipiti bila cheti!

Mwenzetu hakujificha, wala hakupokea mtungi ili aje autupe njiani. Alikaa na mama mkwe mkekani, akamweleza taratibu. Mama alinuna. Alinuna wiki mbili nzima, na mtaani ikasemwa kwamba mkwe ameanza kuringa hata ndege hajaiona. Mumewe ndiye aliyeokoa jahazi, akaenda kwa mama yake na kumwambia kwamba hiyo ni sheria ya wenyewe, mke wake hana kosa. Mwisho mama akakubali: asali kilo moja, khanga moja, na ujumbe wa sauti uliorekodiwa kwenye simu.

Niwaambieni kilichotokea Brussels. Shemeji alitupokea stesheni, akapewa asali, akapewa khanga, akashukuru. Kisha akapewa simu. Mama alikuwa amezungumza dakika nne, anamwita kwa jina lake la utotoni, anataja ng'ombe waliozaa na watu waliofariki. Yule kaka mwenye ndevu zake aliisikiliza mara mbili amesimama palepale watu wanampita, na sote tukawa tunajifanya kutazama ratiba za treni. Mzigo ule haukuwa na hata gramu moja.

Lipo na la hatari zaidi. Uwanjani utaulizwa: je, begi umelifunga mwenyewe? Kuna kitu umepewa na mtu? Hilo si swali la salamu. Kilichomo ndani ya begi lako ni chako, na kama mtu amekushindilia dawa za kulevya ndani ya kopo la losheni, wewe ndiye utakayeeleza. Kwa sheria yetu ya mwaka 2015 adhabu ya kusafirisha dawa hizo inafika kifungo cha maisha. Kwetu kwenye machimbo kuna na kishawishi cha pili: "Shosti, nibebee hii punje ndogo ya dhahabu, kuna mtu atakupokea." Usikubali. Dhahabu inauzwa kwenye masoko ya madini yaliyowekwa, kama lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019, na kuitoa nje ya nchi kunahitaji vibali. Hereni na mkufu wako wa kawaida vaa bila wasiwasi. Punje ya mtu muachie mwenyewe.

Mbinu yetu ilikuwa hii: tulitangaza mapema, kwa upole, kwamba kila mmoja anabeba mizigo ya watu isiyozidi kilo moja, inafunguliwa mbele yetu, na orodha imeshajaa. Ukisema "orodha imejaa" hujamkataa mtu, umekataa kilo.

NDANI YA BEGI

Haya, tufungue begi sasa. Mashirika mengi ya ndege yanayotoka Dar es Salaam yanaruhusu begi la mkononi la kilo 7 hivi, na lile la kupakia chini mara nyingi ni kilo 23. Ila angalia tiketi yako, maana ndege za bei poa za ndani ya Ulaya hukuruhusu bure kabegi tu ka kuweka chini ya kiti, mengine unalipia. Sisi tulikuwa na begi moja la mkononi kila mtu, na sanduku moja tu la pamoja la kupakia chini, lenye asali, losheni na viatu vya ziada.

Kwa nini kujinyima hivyo? Nyumba nyingi za zamani za Amsterdam zina ngazi nyembamba na za kusimama kama za kupandia darini, na hoteli za bei nafuu mara nyingi hazina lifti. Stesheni za treni za chini ya ardhi za Paris zina ngazi juu ya ngazi. Hakuna kijana wa toroli wa kumwita. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: beba begi lako kutoka stendi hadi nyumbani bila kupumzika. Ukishindwa, fungua upunguze. Kupima uzito nenda kwa wafanyabiashara wa mchele, mzani wa kuning'iniza upo na hawakudai hata senti.

Orodha yangu ya siku 12:

Nguo. Blauzi na fulana 5, suruali 2, gauni 1 la kitenge la kutokea, sweta 1, nguo za ndani za siku 6. Chagua rangi tatu zinazoendana ili kila cha juu kikubali kila cha chini. Kufua ni kwenye sinki jioni, asubuhi imekauka.

Koti. Mwezi Mei Amsterdam huwa kati ya nyuzi 8 na 18, na mvua haipigi hodi. Usinunue koti jipya la bei mbaya! Makoti mazuri yapo kwenye mitumba, tena kwa bei ya kutupa maana huku kwetu nani anavaa? Langu lilitoka Ulaya ndani ya bale, likarudi kwao kusalimia. Livae mwilini, usilitie begini.

Viatu. Raba moja uliyokwisha kuizoea na sendo moja. Viatu virefu viache, mitaa ya mawe itakuvunja mguu.

Khanga mbili. Hii ndiyo siri ya mwanamke wa Kitanzania. Ni taulo, ni shuka la kwenye treni, ni mtandio wa baridi, ni pazia la kubadilishia nguo, na mwisho wa safari ni zawadi kwa mwenyeji.

Nywele. Suka kabla hujaondoka. Ukisuka vizuri umeokoa drai, mawigi na nusu ya vipodozi.

Vimiminika. Kwenye begi la mkononi kila chupa isizidi mililita 100, na zote zikae kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja unaofungwa. Usiogope katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019, kamfuko hako ka vipodozi kameruhusiwa. Kumbuka asali nayo inahesabiwa kama kimiminika, iweke kwenye sanduku la chini.

Umeme. Pini zetu za miguu mitatu ya mraba haziingii kule. Unahitaji adapta ya pini mbili za mviringo. Adapta mbili na soketi moja ya kuunganishia zinatosha watu wanne. Benki ya umeme ya kuchajia simu lazima iwe mkononi, hairuhusiwi kwenye sanduku la chini.

Dawa. Beba za kwako kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Na hili nalisisitiza: ukipata homa ukiwa kule au ukapelekwa hospitali, sema mara moja kwamba unatoka eneo lenye malaria. Daktari wa kule anaweza asiifikirie, na malaria haisubiri. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ikae ndani ya pasipoti, kwa sababu ukirudi kupitia nchi kama Ethiopia na ukakaa pale zaidi ya saa 12, utadaiwa nyumbani.

Mwisho, changanyeni. Kwenye lile sanduku la pamoja kila mtu alikuwa na vitu vichache, na kila mmoja alikuwa na nguo za siku mbili mkononi. Sanduku likipotea, hakuna atakayevaa huzuni peke yake. Lisipofika, ripotini kabla hamjatoka uwanjani na mpewe karatasi. Pasipoti kila mtu na yake, na nakala kwenye simu ya mwenzake.

PESA NA URAFIKI

Urafiki wa Runzewe umezoea kukopeshana chumvi. Ulaya chumvi inauzwa kwa euro! Tulikuwa na pochi moja ya pamoja kwa chakula, treni na maji, kila mtu anaweka kiasi kilekile asubuhi, na mtunza hazina anabadilika kila siku mbili. Manunuzi ya mtu ni ya mtu. Aliyetaka kupanda Mnara wa Eiffel alilipa, aliyeona unatosha kutazamwa kutoka chini alikaa kwenye nyasi akala mkate wake, na hakuna aliyeitwa bahili.

Tulikubaliana pia saa mbili kila siku za kila mtu kwenda kivyake. Watu wanne kukaa pamoja saa 24 kwa siku 12 ni ndoa, tena ya mitala. Mwalimu alikwenda makumbusho, mwenye duka akaenda kukagua mabomba na vigae kwenye maduka ya vifaa, akarudi anang'aa kuliko sisi tuliopiga picha.

Kwa wenye fedha nyingi, angalizo: ukiingia au kutoka Umoja wa Ulaya na fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi lazima utangaze. Na kuanzia Oktoba 12, 2025 mipakani wameanza mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri, kwa hiyo usipange treni ya kuondoka nusu saa baada ya ndege kutua.

ALIYEBAKI NYUMBANI

Kuna waume walioambiwa barazani, "mkeo anakwenda Ulaya na wanawake wenzake, wewe umekaa tu?" Shosti, usiondoke ukiwa umeacha swali hilo bila jibu. Mpe mumeo ratiba yote, majina ya hoteli, na bajeti ya kweli, siyo ile ya kupunguza. Acha fedha ya nyumba na ada ya watoto kabla ya fedha ya safari. Pangeni saa ya kupigiana simu, ushike ahadi hata kama upo mbele ya jengo zuri kuliko yote duniani. Mume aliyeshirikishwa ndiye anayekwenda kuzungumza na mama yake kuhusu samli. Asiyeshirikishwa atakaa upande wa mtungi.

Na zawadi? Hapa begi dogo linakulinda. Kila mtu anajua ulikwenda na begi dogo, kwa hiyo hakuna atakayedai redio. Tulirudi na chokoleti za Ubelgiji, sabuni ndogo za kunukia, na kalamu kwa darasa la mwalimu. Wazee tuliwapelekea picha zilizosafishwa, maana picha ya kwenye simu hawaioni vizuri.

Wakati ule kutoka Runzewe kwenda Mwanza tulivuka Busisi kwa kivuko, foleni na yote. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la JP Magufuli, unapita juu ya ziwa kwa dakika chache tu, unapanda ndege Mwanza, na Dar hiyo. Ukitaka kubana matumizi, kuna basi hadi Dodoma na treni ya umeme hadi Dar. Dunia imesogea karibu na njiapanda yetu.

Mashosti zangu wa kikoba wameshaanza kuweka akiba ya safari nyingine, na mama mkwe ameshatuma ujumbe kwamba safari hii anataka kurekodi dakika kumi. Anza na daftari, shosti. Begi litafuata.